Nimempiga Mara Sita

Mafuta ya ng'ombe yalimwingia Esteria sikioni kabla hajapata nafasi ya kuuliza yanapakwa ya nini.

"Tulia, mayu, mama yangu," alisema bibi Nyamizi, akimkandamiza utosini kwa kiganja kizito. "Usipopakwa utachanganyikiwa. Wapo waliochanganyikiwa kwa kuliacha hili."

"Nichanganyikiwe na nini?"

Bibi Nyamizi alicheka kana kwamba ameulizwa swali la kitoto. Uani, wanawake watatu wa jirani walikuwa wanapiga vigelegele. Mmoja alileta kuku mweupe, akamfunga miguu na kumlaza karibu na viatu vya Esteria. Kuku akamtazama Esteria kwa jicho moja. Kati yao wawili hakuna aliyejua kinachoendelea.

Esteria hakuwa mtu wa kupigiwa vigelegele. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na chumba kimoja cha picha nyuma ya stendi ya Bariadi, chenye pazia la bluu kwa picha za pasipoti na pazia jekundu kwa wanaotaka kupendeza. Alipiga harusi, mahafali na misiba. Alizaliwa Lamadi, kwa Wakerewe wauza dagaa, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Mwaka huu mradi mmoja wa wanyamapori ulitafuta mtu wa kupiga picha nyika ya Kimali mvua za kwanza zinapoanza: maua, ndege, wanyama, na zaidi ya yote simba dume mmoja mwenye sikio lililochanika, ambaye hakuna aliyekuwa amempata kwa karibu. Wapiga picha wenye majina walitaka hoteli. Esteria alikubali kulala kwa bibi Nyamizi, kwenye chumba cha mahindi. Hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa amechoka kuwaambia watu wainue kidevu.

Mradi ulimpa pia kamera ndogo nne za kufunga kwenye miti, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita mbele. Method, askari wa wanyamapori aliyekuwa anamwendesha, aliziita kamera za mtego. Kila mtu aliziita hivyo. Bibi Nyamizi alikata maneno marefu kama anavyokata kamba, akabaki na mtego.

Simba mwenyewe alikuwa amekula ng'ombe watatu wa nyumba hiyo. Kwa wiki tatu waliobaki walifungiwa zizini, wanakula mabua na kunywa maji ya ndoo, na ng'ambo ya korongo nyasi mpya zinachipua bila mlaji. Aliyebeba ndoo hizo ni Salu, binti wa bibi Nyamizi, aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda na ndiye aliyekuwa mchungaji sasa, kaka zake wakiwa mjini. Mbavu za ng'ombe zilionekana kutoka mlangoni.

Asubuhi hiyo Esteria na Method walikuwa wamechukua kadi ya kamera iliyofungwa lamboni, pale ng'ombe wa kijiji walipozoea kunywa. Method akamshusha nyumbani, akaondoka na gari kwenda kwenye kamera nyingine. Esteria akachomeka kadi kwenye kamera yake, akaona, akaruka kutoka kwenye gunia alilokalia. Picha sita za alfajiri. Simba amesimama. Simba anakunywa. Simba ubavu mzima. Simba uso kwa uso, mwanga umepita kwenye ule mpasuko wa sikio. Mbili za mwisho, simba amelala chini ya mgunga.

Alitoka nje anapiga kelele.

"Mayu! Simba wenu ameingia kwenye mtego! Nimempiga mara sita!"

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Baadaye aliyarudia kichwani mara nyingi, akitafuta lililokuwa la uongo, asilione.

Sasa mzee Mwandu, jirani wa upande wa mashamba ya pamba, alikuwa amevuta kigoda mbele yake. Alimtazama kuanzia kandambili hadi kichwani kulikong'aa mafuta.

"Mwanamke!" alisema. "Tena mtu wa samaki! Ulimpigia wapi?"

"Usoni, mzee. Na ubavuni. Ya ubavuni ndiyo imetoka vizuri."

"Hakukimbia?"

"Wala. Alisimama, akanywa maji, ndipo akalala."

Mzee Mwandu akawageukia wanawake. "Mnasikia? Kapigwa mara sita na bado kanywa maji! Huyo alikuwa na roho ngumu." Akarudi kwa Esteria. "Na mkia?"

"Mkia umekatika."

"Nani kaukata?"

"Kuna tawi lilikuja mbele. Lakini uso upo wote."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa ufundi usio wa kwao. Esteria naye alifurahi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza ubavu umetokaje. Watu huuliza picha zitakuwa tayari lini, basi. Hapa mzee mzima alikuwa anataka kujua pembe, mwanga, mkia. Vigelegele vilikuwa vingi, kweli, na mafuta yalikuwa mengi zaidi. Kitu fulani kidogo ndani yake kilisema: uliza. Hakuuliza. Alijiambia kila kabila lina mambo yake.

"Kesho tutakuzungusha kwenye miji yote, kaya kwa kaya," alisema bibi Nyamizi. "Kila mji utakutolea kitu. Alikuwa anatusumbua wote. Wabeja, ng'wana wane. Asante, mwanangu."

"Asante, mayu. Salu ameziona? Nataka nimwonyeshe Salu."

"Salu yuko huko huko. Ametoa ng'ombe."

"Ametoa kwenda wapi?"

"Lamboni. Si umesema amelala?"

Esteria alisimama. Kuku alipiga mbawa. Mambo yote ya asubuhi ile yakajipanga upya mbele yake, mtego, kupiga, ubavu, kulala, na kila moja likageuka likamwonyesha mgongo wake.

"Mayu, hajafa."

"Nani?"

"Simba. Sikumpiga na bunduki. Nimempiga picha. Picha! Ule mtego ni kamera. Tazama." Akaweka kamera mbele ya macho ya bibi Nyamizi, kwenye picha ya tano. "Tazama mwenyewe."

Bibi Nyamizi akatazama. Simba alilala ubavu, miguu imenyooka, ulimi umechungulia.

"Ndiyo," alisema kwa utulivu. "Amekufa."

"Amelala usingizi!"

Akasogeza hadi ya sita. Humo simba alikuwa amefungua macho. Mzee Mwandu akainama, akaangalia kwa makini sana, akanyooka.

"Wengine hufa macho wazi," alisema.

Na wanawake wakaitikia kwamba ndivyo, hata baba wa fulani alikufa hivyo. Mmoja alimshika Esteria mkono kwa huruma, akamwambia bibi Nyamizi jambo kwa Kisukuma. Bibi Nyamizi akachota mafuta mengine. Ilikuwa wazi wanachofikiri: muua simba amechelewa kupakwa, ameanza kuchanganyikiwa.

Esteria alimpigia Method. Simu haikupatikana. Akaiweka kamera kwenye kigoda cha mzee Mwandu, akakimbia.

Kukimbia ukiwa na kandambili ni kazi ya kijinga, akazivua. Ardhi ilikuwa ngumu na imepasuka, na katika kila ufa kijani chembamba kama uzi. Wiki iliyopita hapakuwa na kitu hapa, vumbi na miiba. Mvua mbili tu zilikuwa zimepita, na maua mekundu yalikuwa yamejitokeza juu ya ardhi tupu, hayana majani, kila ua mviringo mmoja mkubwa kama ngumi. Siku nne alikuwa amelala kifudifudi mbele ya maua hayo akisubiri jua. Sasa aliyakanyaga. Ng'ambo ya korongo, wale ndege wa safari ndefu, korongo weupe, walikuwa wanaokota kumbikumbi kwenye nyasi changa, zaidi ya mia, na walipoinuka wote kwa pamoja mbele yake hakuinua hata kichwa.

Alijaribu kukumbuka ni saa ngapi hasa alielewa. Ni pale Salu alipotajwa? Au ni wakati wa mkia? Au mapema zaidi, mafuta yalipoteremka shingoni, akajiambia mambo ya kabila? Kila alipofika kwenye jibu, mguu ulikanyaga mwiba, akalipoteza.

Alisikia kengele za ng'ombe kabla ya kuliona lambo. Halafu akasikia sauti ya Salu. Salu alikuwa anatukana.

Ng'ombe walikuwa wametapakaa ukingoni mwa maji, vichwa chini, wanakunywa kama watu waliotoka jela. Salu alikuwa amewaacha, akazunguka lambo hadi upande wa pili, akasimama hatua kama hamsini kutoka kwenye ule mgunga, fimbo begani, mkono mwingine kiunoni. Chini ya mgunga kulikuwa na kitu cha rangi ya nyasi kavu. Salu alikuwa anakieleza, kwa Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja, habari za mama yake kitu hicho.

"Salu!" Esteria aliita kwa sauti ya chini, ile ambayo mama huitumia kanisani. "Rudi."

Salu aligeuka, akamwona alivyong'aa, akacheka. "Wamekupaka! Njoo, shujaa, njoo tumchungulie. Nataka nimwone meno."

"Usisogee. Amelala."

"Naona amelala."

"Hapana, Salu. Mzima."

"Ndiyo, mzima. Bado hujamchuna."

Esteria alisikia akili yake ikitafuta neno kama mkono unaotafuta kiberiti gizani. Maneno yote ya Kiswahili yalikuwa yamegoma. Lala lilikuwa bovu. Piga lilikuwa bovu. Mzima nalo limekwenda.

"Anapumua," alisema.

 Salu aligeuza shingo peke yake, mwili ukabaki ulivyo. Chini ya mgunga ubavu ule ulipanda, ukashuka. Sikio lililochanika likafukuza nzi.

Hakukimbia. Mchungaji hakimbii. Alirudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, macho hapo hapo, akifuata ukingo wa lambo hadi bega lake lilipogusa bega la Esteria.

"Ulisema umempiga," alinong'ona.

"Picha."

"Picha." Salu aliutazama mgunga tena. "Na mtego?"

"Kamera. Ile pale kwenye mti."

"Na nyumbani umewaambia?"

"Nimewaambia. Nimewaonyesha. Mzee Mwandu anasema wengine hufa macho wazi."

Salu alitoa sauti puani. Ilikuwa kicheko, lakini hakikupata hewa ya kutosha. Kisha akamtazama Esteria upande, mafuta, vumbi, miguu inayotoka damu.

"Walivyokuwa wanakupaka, hukuuliza kwa nini?"

"Sikuelewa."

"Hukuelewa, au hukuuliza?"

Esteria alichomoa mwiba kisiginoni.

"Tuwatoe ng'ombe," alisema badala yake. "Piga mluzi tuondoke."

Salu alitazama ng'ombe. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuelekea mgunga, hawakuwa wamenusa chochote. Yule mwekundu mwenye pembe moja alikuwa amepiga magoti ili afikie maji vizuri. Yule wa madoa alikunywa, akainua kichwa kupumua, akashusha tena. Shingo zao zilikuwa zinatembea, donge baada ya donge, na matumbo yaliyosinyaa wiki tatu yakianza kupata umbo.

"Nikipiga mluzi ataamka," alisema Salu. "Wakikimbia atawafuata. Na nikiwarudisha zizini sasa hivi, mwekundu yule hafiki Jumapili. Nimebeba ndoo wiki tatu, mpiga picha. Ndoo haimjazi ng'ombe."

"Kwa hiyo?"

"Ameshiba. Tazama tumbo."

"Umejuaje ameshiba?"

"Sijui," alisema Salu. "Simama upande ule. Nyanyua mikono uwe mkubwa. Ukianza kukimbia, mimi nitakupiga, na siyo picha."

Esteria akaenda upande ule. Akanyanyua mikono. Kati yake na Salu ng'ombe kumi na mmoja walikunywa, na hapakuwa na sauti nyingine zaidi ya maji kuingia kwenye makoo. Jua lilikuwa limefika utosini. Hakujua kama ameokoa kitu au ameongeza mtu wa pili wa kuliwa.

Ng'ambo, simba aliinuka. Alijinyoosha, miguu ya mbele kwanza, halafu akaketi, akatazama.

Mtamba mmoja mweusi, mdogo kuliko wote, alikuwa ameingia majini hadi magotini. Aliacha kunywa. Maji yalimdondoka kidevuni, tone moja moja, maduara yakaenda yakipanuka kuelekea upande wa pili. Salu hakusogea. Esteria hakusogea. Mtamba alisikiliza kwa muda mrefu, masikio mbele.

Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kunywa.