Ijumaa Saba kwa Madam Bronwyn

Baba ni msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja Al Jaddaf, huku Uarabuni. Mwaka huo, 2016, Mama alikuwa amerudi Bukoba kumuuguza bibi, na alivyoondoka akasema miezi miwili, ikawa kumi. Kwa hiyo Ijumaa, shule imefungwa, Baba alikuwa ananipeleka kazini kwake nikae pale mapokezi, kuliko nishinde peke yangu chumbani kwetu Al Baraha. Ndipo Madam Bronwyn aliponiona.

Yeye ni Mwaustralia, anakaa ghorofa ya kumi na nne, ni mchoraji. Kila mwaka anapeleka picha kwao kwenye shindano la picha za watu. Akamwomba Baba ruhusa anichore mimi. Baba akaniuliza, "Rosina, utaweza kukaa kimya saa nzima?" halafu akacheka mwenyewe, maana mimi naweza kukaa kimya siku tatu.

Shindano lina masharti. Huruhusiwi kuchora kwa kuangalia picha ya simu, lazima mtu akae mbele yako. Na lazima awe mtu unayemfahamu.

Basi nikawa nakaa. Stuli karibu na dirisha, mikono mapajani. Madam alikuwa anachora huku anaongea. Alinisimulia watu wote aliowahi kuwachora huko kwao. Kuna mzee mkata manyoya ya kondoo aliyekuwa anasinzia kila akikaa, mpaka ikabidi amchore hivyo hivyo amefumba macho. Kuna jirani aliyekataa kuvua kofia, akachorwa na kofia, halafu akalalamika kwamba uso hauonekani. Kuna dada yake mwenyewe, ambaye mpaka leo hawaongei kwa sababu ya pua aliyomchorea. Mimi naitikia kwa kichwa, naye ananiambia, "Kichwa kisitikisike."

Ila alikuwa ananiangalia. Shuleni mwalimu wa Kiingereza ananiita jina la msichana mwingine na mimi naitika. Baba akirudi anakula, analala. Lakini Madam Bronwyn alikuwa anatazama nyusi zangu, sikio langu, kakovu ka kidevuni, saa nzima, bila haraka. Nikishuka na lifti nilikuwa najisikia kama nimeongezeka uzito.

Ijumaa ya sita akasema, "Bado moja tu, kisha khalas. Jumapili picha inapanda ndege."

Wiki hiyo nikaenda kwa Shadia, Mganda anayesuka watu kwenye fleti ya chini yetu. Kichwani nilikuwa na twende kilioni, ndizo zilizokuwa kwenye picha. Nikamwambia azifumue, aniwekee rasta ndefu.

"Hizi mbona bado nzuri?" Shadia akasema. "Umepata boyfriend?"

"Hapana."

"Basi kuna harusi na hamjanialika."

"Hapana, dada Shadia. Fumua tu."

Nilichofikiria ni hiki: nywele zikibadilika, Madam ataanza upya, na mimi nitapata Ijumaa nyingine sita.

Ijumaa ya saba alifungua mlango, akatazama kichwa changu, akashusha pumzi. "Oh, Rosina." Akanionyesha stuli. "Haya, yalla, kaa."

Akachukua brashi pana, akazifunika zile nywele za zamani pichani kwa rangi nyeusi, akaanza kuchora rasta juu yake. Saa nzima aliangalia nywele tu. Uso alishaumaliza, hakuwa na shida nao tena. Macho yake yalikuwa yanafika kwenye paji, yanageuza. Na siku hiyo hakusimulia habari za mtu yeyote.

Alipomaliza akatoa fomu. Pembeni ya picha inabandikwa kadi: huyu ni nani, unamfahamu vipi. Akaandika jina langu. Akaandika binti wa msimamizi wa walinzi. Halafu kalamu ikasimama. Nikamwona anatafuta. Wiki saba, na hakuwa na kitu kingine. Masikio yake yakawa mekundu.

"Niambie kitu chako," akasema. "Chochote. Kitu unachokipenda."

Nilikuwa nacho. Kilishafika kooni: napenda kuja hapa, nywele nimebadilisha makusudi. Akanisubiri, kalamu imeinuliwa.

"Hesabu," nikasema.

"Ah, hesabu. Vizuri sana." Akaandika.

Baada ya miezi miwili alituma picha kwenye simu ya Baba. Ukuta mweupe, mimi juu yake, na watu wawili wenye makoti wamesimama wanasoma kadi. Ilikuwa mchana, Baba anajiandaa kwenda zamu, amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Akaisoma ile kadi polepole.

"Anapenda hesabu," akasema. "Nani, wewe? Uliyepata ishirini na saba?"

"Ishirini na tisa."

Akacheka, halafu akaacha. Akaukuza uso wangu kwa vidole viwili, akautazama muda mrefu.

"Hapa ulikuwa unataka kusema kitu," akasema. "Mdomo huo naujua, ni wa mama yako. Ulitaka kusema nini?"

Chini basi la kampuni likapiga honi.

"Zile nywele nilibadilisha makusudi," nikasema. "Nilitaka picha isiishe."

Honi ikapigwa tena. Kiatu cha pili kilikuwa mkononi mwake. Akakiweka chini.

"Halafu?" Baba akasema.