Historia ya Kilima na Chumba cha Chini

Ami Hamood, binamu wa marehemu baba, alitujia nyumbani kwetu Al Khuwair kwa siku tatu, kutibiwa jicho. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Jicho lilipona wiki ya pili. Kwetu mgeni haulizwi anaondoka lini, na hilo ami alilijua kuliko sote.

Tulimpa chumba cha chini, alichokuwa akilala mama. Alianza na godoro. Likaja kabati, ikaja friji ndogo, kisha akatoboa ukuta aweke kiyoyozi chake mwenyewe, kwa sababu chetu, eti, kilimkausha pua. Mama yangu, Bi Aliya, na magoti yake mabovu, akawa anapanda ngazi kumi na saba kila siku kwenda kulala juu. Daktari alishamwambia arudi kulala chini. Lakini mama alinionya: nikimwambia ami neno, mimi si mwanawe.

Basi mwaka huu chuoni nikapewa kazi ya kuandika historia ya makazi madogo ya walowezi wa Kiisraeli, kwenye kilima kimoja cha Ukingo wa Magharibi. Sikuwa na nia mbaya. Haya, nilikuwa nayo kidogo. Ijumaa baada ya chakula nikaomba niwasomee nyumbani, nijizoeze kabla ya kusimama darasani.

"Ulianza mlingoti wa simu," nikasoma. "Mlingoti ukataka mlinzi, na mlinzi akaletewa karavani, kijumba cha magurudumu cha kulala. Zikafuata familia tatu, zikasema zinakaa kwa muda tu. Likaletwa tangi la maji, zikavutwa nyaya za umeme, ikachongwa barabara. Walowezi walisema ardhi ile mababu zao waliahidiwa na Mungu. Wanakijiji wa bondeni walikuwa na hati za mashamba na mizeituni waliyoipanda wenyewe. Wakaenda mahakamani. Mahakama ikaamuru karavani ziondolewe, kisha ikaahirisha, kisha ikaahirisha tena."

Mama alikuwa akimenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Miaka mingapi hiyo?"

"Hapo ilishafika kumi na minne, mama."

Nikamtazama ami, nikitegemea atainamisha kichwa. Wapi! Alikuwa amesimama, finjani mkononi, amekasirika kweli kweli.

"Hawana haya! Wallahi hawana haya! Leo karavani, kesho tangi, na mwenyewe yupo pale pale anatazama! Hakuna hata mmoja wa kuwaambia?"

Kaka yangu Yaarub alijifanya anatafuta kitu nyuma ya mto wa kuegemea. Mimi nilikuwa nikijiuma midomo nisicheke.

"Mie ningelikuwa hapo bondeni," ami akaendelea, "kilima kile ningelikipanda kwa miguu yangu hii!"

"Ungelikipanda, shemegi," mama akasema. "Yako mizima."

Ami akamtazama. Kiyoyozi chake kilikuwa kikinguruma kule chumbani, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza alikisikia. Akakaa chini taratibu. Hamu yote ya kucheka ikaniisha, nikamwonea huruma.

"Bi Aliya, mie ndo wa kilimani?"

"Hasha. Wale hawakufunguliwa mlango na mtu. Wewe nilikufungulia mie, kwa mkono wangu, na ukiwa hupo nyumba haina raha. Lakini magoti yananiuma. Nnakitaka chumba changu."

"Mbona hukunambia?"

"Mgeni huambiwa?"

Ami akafikiri, kisha akasema mtu wa miaka kumi na moja si mgeni, ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulala juu. Asubuhi yake Yaarub alipandisha godoro, kabati na friji, akilalamika kila ngazi. Kuondoka kabisa hakukutajwa. Mama analala chini, na ukuta wa juu nao umeshatobolewa.

Jumanne nikaisoma kazi yangu chuoni. Nikafika mwisho: serikali ya Kiisraeli imeyaidhinisha makazi, na wanakijiji bado wapo bondeni na hati zao. Nilikuwa bado na furaha ya nyumbani, nikasoma haraka haraka.

Shurooq, tunayekaa naye dawati moja, akainua mkono.

"Kwani hao wanakijiji hawakuwaambia tu waondoke?"

Furaha yote ikaniisha.

"Waliwaambia," nikasema. "Kila mwaka."