Siku Janefer Alipoingia Langoni

Lori lilipopunguza mwendo mbele ya lango la chuo, Mongina alikuwa wa kwanza kulisogelea. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga, na punje zake nyeupe zilikuwa bado zimelala juu ya majani ya chai ng'ambo ya barabara. Juu ya lori walisimama wanawake vijana waliovaa aproni mpya, walioletwa kupika mahali pa wapishi waliogoma. Mongina aliinua mkono wake uliobaki mzima kuwasimamisha. Kisha mkono ule ukabaki hewani, haujui uende wapi, maana aliyesimama pembeni, ameshikilia ukingo wa lori, alikuwa Janefer, binti yake.

Nilikuwa ubavuni pake.

Mongina alikuwa mpishi wetu. Zamani alichuna chai katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, mpaka mashine za kuchuna zilipoletwa na akina mama wakaambiwa warudi makwao. Yeye hakurudi Kisii. Alipata kazi ya kusonga ugali katika chuo chetu cha ualimu, kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu, mwaka baada ya mwaka. Adhuhuri moja sufuria kubwa iliteleza jikoni, uji wa moto ukamwagikia mkono wake wa kushoto kuanzia kiwiko. Hakuwa na glavu. Hakuna mpishi aliyekuwa nazo. Akiwa bado na bendeji, aliambiwa kandarasi yake imekwisha, kwa kuwa hawezi kushika mwiko.

Ndipo Omariba, fundi wa mabomba na katibu wa chama cha wafanyakazi pale chuoni, alipoitisha mgomo. Walitaka glavu na gambuti za mpira, walitaka waandikwe kazi ya kudumu, na Mongina arudishwe jikoni.

Nami nilipanda juu ya meza ya bwalo. Sikuwa kiongozi wa mtu. Nilikuwa Fancy tu, binti wa mkulima wa Sigor. Nilisema kwamba hatuwezi kukila chakula kilichounguza mwili wa mtu tukanyamaza. Meza zilipigwa mpaka vikombe vikaruka. Kuanzia siku ile bwalo lilibaki tupu. Tulipika githeri, mahindi na maharagwe, vyumbani, tukawapelekea wagomaji langoni, tukaimba nao nyimbo za kanisani kwa maneno tuliyoyabadilisha. Kwa muda niliamini kwamba dunia inaweza kusukumwa kwa mabega, kama gari lililokwama kwenye tope.

Kisha githeri ikaisha. Mkuu wa chuo akatangaza kuwa mtihani utafanywa, na atakayekosa atarudia mwaka. Kipkurui, mwenyekiti wa wanafunzi, alituita uwanjani.

"Fancy, hata sisi ni watoto wa maskini," aliniambia mbele ya wote, bila hasira. "Mama yangu aliuza ng'ombe ndio nikuje hapa. Nikirudi bila mtihani nitamwambia nini?"

Mikono ya kukubali mtihani iliinuliwa, mingi, polepole, kama ya watu wanaoona aibu. Niliondoka nikashuka langoni peke yangu, na mvua ile ya mawe ikanikuta njiani, kabla tu ya lori kufika.

"Mama," Janefer alisema kutoka juu ya lori. "Walituambia ni kazi ya Bomet. Sikujua ni hapa kwenu."

"Na sasa umejua."

Janefer alitazama chini. "Nyumbani hakuna kitu, Mama. Wewe mwenyewe unajua."

Omariba alikuwa amekwisha kulala chali barabarani, mikono ameitandaza kwenye matope. "Kujeni!" alipaza sauti. "Haiwezi kutukanyaga wote!" Wengine walianza kupiga magoti kando yake. Dereva alizima injini. Hata polisi waliokuwa langoni walitazamana.

Mongina alitembea hadi pale, akainama, akamshika Omariba mkono.

"Amka, ndugu yangu."

"Mongina, hawa wakiingia tumekwisha."

"Najua," alisema. "Lakini huyo ni mtoto wangu. Wacha apite."

Omariba akainuka. Lori liliwashwa, likapita katikati yetu taratibu, na Janefer hakugeuka.

Mgomo ulikufa wiki ile. Wapishi wa zamani hawakurudishwa hata mmoja. Kesi ambayo chama kilifungua mahakamani iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na Omariba, baada ya kufutwa kazi, alirudi Nyamira na hakutaka tena kusikia habari za chama. Mimi nilifanya mtihani, nikapita. Bwaloni, Janefer alinipakulia kila siku bila kunitazama.

Mwaka jana nilisikia Mongina anakata miwa huko chini, Fort Ternan. Nilimtafuta nikampata. Aliniandalia chai, akaniuliza kama nimeolewa, akacheka nilipokataa kujibu. Nilimuuliza kama Janefer humtembelea.

"Hutuma salamu," alisema.

Alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimebeba maneno mengi kutoka Sigor. "Tulijaribu, Mama," nilisema.

Alikuwa anaangalia gari la abiria lililokuwa likija kwa mbali. Lilipofika, alinifungulia mlango.

"Kaa ile upande ingine," aliniambia. "Jua ya huku ni kali."