Habari Aliyoibeba Orpha Kwenye Basi

Siku tulipomweka Mama Philomène chini ya bache, turubai la msiba, pale Kikula, picha iliingia kwenye simu ya binti yake Suzanne. Kaka yake Ghislain, aliyekuwa safarini Peru, amesimama mbele ya basi lililojaa vumbi, begi mgongoni kama gunia la makaa, meno yote nje. Pembeni yake ni bibi yake wa ndoa, Orpha, amefunga kitambaa kichwani. Chini ameandika: "Muambie Mama tunalalaka ndani ya basi, tusilipe chumba!" Simu ilizunguka viti vyote, mkono kwa mkono. Wengine walicheka, kisha wakakumbuka jeneza liko mbele yao, wakalia zaidi.

Safari ile mtaa mzima ulikuwa umeitafuna. Ghislain ni fundi umeme. Mkataba wake kiwandani ulipoisha, alichukua malipo yake ya mwisho, na badala ya kununua kiwanja kama watu wengine, akaenda kumtembeza bibi Amerika ya Kusini. Kihispania alifundishwa na padri mmoja wa Peru aliyewahi kukaa parokiani kwetu. Majirani walisema Orpha amemlisha kitu. Mama Philomène peke yake ndiye aliyefurahi: "Acha batoto bangu batembee. Minye hata Kolwezi sijafika." Halafu asubuhi moja akaanguka jikoni, na mchana alikuwa amekwisha.

Sasa, kwetu mtu aliye safarini haambiwi kifo kwa simu. Anangojewa, anakalishwa kwenye kiti, ndugu wanamzunguka, ndipo anaambiwa, ili akianguka aangukie mikononi mwao. Lakini Suzanne alikataa.

"Yaya Ghislain njo mutoto wa kwanza. Ni yeye wa kutupa udongo."

"Atafika na nini, na mabawa?" alisema Mujomba Adolphe, mdogo wake marehemu. "Bilete yabo ni ya bei chini, hakuna kubadilisha. Akisikia kule, nani atamushika? Bale bantu ba Peru?"

"Basi tumuambie Orpha," akasema Mama Alphonsine, dada wa marehemu. "Yeye ajue, amuchunge bwana yake mupaka bafike."

Wote wakaona ni akili. Adolphe akampigia Orpha simu, akamwambia yote. Ghislain alikuwa kwenye foleni ya tiketi, stendi ya mabasi ya Arequipa. Orpha alikuwa amekalia mabegi.

"Papa, nitanyamaza namna gani? Iko pembeni yangu kila saa."

"Utanyamaza. Njo kazi ya bibi. Akizimia kule, ni weye tutakuuliza."

Mengine Orpha alimsimulia Suzanne baadaye. Kila basi alimwachia Ghislain kiti cha dirishani, ili yeye ageukie upande wa watu wasiomjua, alie. Barabara ilipanda milimani mpaka masikio yakaziba. Ghislain aliona machozi, akadhani ni ugonjwa wa mwinuko. Basi liliposimama akashuka mbio kumtafutia chai ya majani. "Kunywa, mupenzi. Kesho tunafika ku ziwa. Utaona, Tshangalele, ziwa yetu, ni kisahani tu." Orpha alimwomba warudi nyumbani, tiketi hazikukubali. Sokoni Puno, Ghislain akashika blanketi mbili za sufu. Moja ni ya mama yake, kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba.

"Nyekundu ao kijani?"

Orpha akasema nyekundu.

Jioni Ghislain alituma sauti: "Mama, mbona kimya hivi?" Suzanne akamjibu kwamba simu ya mama imeanguka ndani ya maji. Mama alikuwa ameshazikwa.

Siku ya kurudi, nyumba ilijaa tangu asubuhi, bukari, ugali wetu, inapikwa kwenye masufuria makubwa. Ghislain akaingia na kelele zake.

"Eh, mulikuya bote! Na Mama, iko wapi?"

Adolphe alimkalisha, akamweleza. Wanawake wakaanguka chini, vilio mpaka barabarani, kama inavyotakiwa. Ghislain hakuanguka. Aligeuka kumtafuta bibi yake amshike. Orpha alikuwa amesimama mlangoni, begi bado mgongoni, macho makavu. Machozi yake yalikuwa yamekwishia kwenye mabasi.

"Weye ulijua," akasema Ghislain.

Orpha alishusha begi chini.

"Tangu wapi?"

"Arequipa."

Midomo ya Ghislain ilitembea, ikipitia miji yote baada ya Arequipa.

"Minye nilikuwa nacheka. Na weye unanipiga picha."

"Balinikataza. Papa Adolphe njo alinipigia simu."

"Bao balikuwa huku. Weye ulikuwa pembeni yangu. Ulinichagulia hata rangi ya blanketi."

Mama Alphonsine akajifuta uso, akamgeukia Orpha. "Na weye, mama! Bibi wa kweli, kinywa kingemushinda. Safari yote ile, hata neno moja?"

"Mama Alphonsine," Suzanne alisimama, "si weye njo ulisema aambiwe?"

"Nilisema aambiwe. Sikusema roho yake ikuwe jiwe."

Watu wakaguna, wengi upande wa Alphonsine. Orpha akapita katikati ya waliolala chini mpaka kwenye kiti cha Adolphe, akapiga magoti.

"Papa, sema. Na yeye asikie."

Ghislain alimwangalia mjomba wake kama mtu anayetaka sana kuaminishwa. Neno moja lingetosha. Adolphe alikohoa, akawatazama wakubwa wenzake, na kila mmoja akatazama miguu yake. Kama angekubali, hasira yote ingehamia kwake.

"Mambo ya bwana na bibi," akasema, "sisi hatuingiake."

Orpha alikaa magotini kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Ghislain akamwambia Suzanne ampeleke makaburini. Alimpita Orpha bila kumgusa, akatoka.

"Mulamu, ngoja turudi," Suzanne alimnong'oneza wifi yake.

"Nikingoja, atasema nini, Papa Adolphe? Alisemaka tayari."

Waliporudi, Orpha alikuwa ameshapanda taksi ya Kambove, kwa mama yake. Huku mtaani wengine wanasema hata hivyo hakuwa bibi wa kudumu, na wanaosema hivyo wengi walikaa chini ya bache siku ile, wakaona ni akili.

Kila Jumapili baada ya misa, Ghislain anapita kwa Mujomba Adolphe. Wanakula sahani moja, wanacheka. Kambove hajaenda.