Msamaha wa Hester

Mwaka 1909, karibu na bandari ya Liverpool, meli kubwa ya abiria Lady Ardene iligonga meli ya makaa ndani ya ukungu, na mabaharia watatu wa meli ile ndogo wakazama. Aliyeshika usukani wa Lady Ardene alikuwa Enoch Pruett. Nahodha alimwamuru ageuze kushoto, naye akageuza kushoto, kumbe ndiko meli ya makaa ilikokuwa. Wilfred, ofisa wa zamu na mume wa dada yake Enoch, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, akasikia kila neno.

Kwa hiyo Enoch aliingia kwenye chumba cha uchunguzi wa ajali bila wasiwasi. Nahodha akadai kwamba alisema kulia. Kisha akaitwa Wilfred.

"Nahodha alisema kulia," Wilfred alijibu, macho sakafuni. "Msukani alichanganyikiwa."

Enoch akafutwa kazi siku hiyohiyo. Alimkuta shemeji yake kwenye ngazi za nje, akiwasha kiko.

"Wilfred, wewe ulisikia kushoto."

"Nina watoto wanne, shemeji. Wewe uko peke yako, hutakosa kibarua. Mimi nikimpinga nahodha, nani atanipa meli tena?"

Kabla Enoch hajajibu, dada yake Hester alikuja mbio, akamkumbatia huku analia.

"Usijilaumu, kaka. Wilfred ameniambia ulivyokosea. Sisi tumeshakusamehe."

Enoch alimtazama Wilfred, akingoja aseme kitu. Wilfred akapuliza moshi, akamshika mkewe mkono.

"Twende, Hester. Watoto wana njaa."

Enoch akabaki pale kwenye ngazi, amesamehewa kosa ambalo hakulitenda.