Ndala ya Kushoto Yaja Kulalamika

Jana mchana nilijilaza kidogo tu, mikono yangu ikinukia karafuu, na ndoto ikanichukua. Mimi Mwanamvua ni mkandaji. Mtaa mzima unanijua, na vidole hivi havijawahi kushindwa na mkono uliokufa ganzi. Saa nne asubuhi mama yangu alikuwa kaangusha kikombe cha chai, akasema mkono wa kushoto umelala. Nikamwambia, "Subiri mama, nikiamka nakukanda." Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Basi naota ndala ya kushoto ya mama inaingia chumbani peke yake, imenuna.

"Mguu umeniacha njiani," inasema. "Hata haukujua kama nimechomoka."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kuonana na mkubwa wake."

Naifuata. Tunatoka uani, tunatokea mgongoni kwa mama, penye ngazi ndefu ya mifupa. Ni pingili zake, na katikati yake umepita uzi mnene mweupe. Napanda nikitoa shikamoo kwa kila pingili, maana ni za mama.

"Marahaba," zinajibu. "Kwetu ni salama. Ujumbe ukishuka tunaupitisha. Leo wa kushoto haushuki, kaulize juu."

Juu kuna vyumba viwili. Ndala inakata kushoto.

"We, siko huko!" inafoka pingili ya mwisho. "Mguu wa kushoto unaendeshwa kutoka kulia. Nyaya zinapishana hapa chini ya kisogo."

Tunaingia kulia. Nusu ya ubongo imekaa humo, ya kijivu, makunjo matupu kama shuka lisilopigwa pasi. Natoa chupa yangu ya mafuta.

"Usihofu, nimekuja. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Maumivu ya mwili mzima nayasikia mimi, ya kwangu siyasikii. Bomba langu la damu limeziba tangu saa nne. Nakufa njaa."

"Basi naukanda mkono."

"Mkono una kosa gani, Mwanamvua?"

Miaka kumi na tisa nakanda, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Hospitali," ubongo ukasema. "Sasa hivi. Sehemu yangu ikishakufa hairudi, na mama yako ataondoka nayo kidogo kidogo."

Chupa ikanitoka mkononi. Niliogopa, siwafichi.

Nikaamka saa sita na robo, chupa yangu ya mafuta iko ubavuni. Kizingitini palikuwa na ndala ya kushoto, imelala chali, peke yake. Mama alikuwa uani anaanua kanga. Mguu wa kulia una ndala, wa kushoto peku, unaburuta mchanga, na mwenyewe hana habari.

"Mama, hebu cheka kidogo."

"Nicheke nini, we mtoto?" Akacheka. Upande wa kulia wa uso ulicheka, wa kushoto ukabaki ulivyo.

"Shekalaghe!" nikamwita jirani yetu juu ya ukuta. "Washa bajaji, tunakwenda hospitali!"

Mama akashangaa. "Si ulisema utanikanda?"

"Mkono wako hauna kosa, mama. Twende, tunawahi."

Na nilijua tunawahi, maana tangu saa nne hazijatimia saa tatu. Chupa ya mafuta niliiacha pale pale kitandani. Nikainama, nikamvisha ndala yake ya kushoto, nikaikaza vizuri. Safari hii haikusema kitu.