Mlango wa Kijani

Ule mlango wa kijani ndio uliowaponza. Zamani, kabla baba wa familia hiyo hajainunua nyumba, watu wa filamu walipiga picha pale: mlevi anakosea nyumba, anagonga na kupiga kelele, "Fungueni, nimerudi nyumbani!" mpaka anamwagiwa beseni la maji. Nchi nzima ilivunjika mbavu. Filamu ikazeeka, mlango ukabaki, na siku hizi wapenzi wa filamu hiyo huja na simu zao, hugonga, hupaza sauti ile ile, hupigana picha, kisha huenda zao wakicheka.

Yangekuwa mambo ya kupita tu, kama si mama mwenye nyumba. Kitinda mimba wake aliondoka baada ya kugombana naye, na kauli ya mwisho ya mama ilikuwa asimwone tena kizingitini pake. Alijuta mpaka akakonda. Namba ya kijana haikupatikana tena. Basi kila mlango ulipogongwa mama alijikokota kutoka chumba cha nyuma, mkono ukutani, magoti yakimuuma, akafungua na kukuta watu wazima na akili zao wakimchekea usoni.

Binti yake, fundi cherehani, akirudi kutoka kazini alimkuta amekaa kwenye korido, macho mekundu. Roho ilimuuma sana. Siku moja aliamua kuwatolea uvivu wageni hao. Wakamrekodi, wakidhani naye anaigiza. Mwishowe akabandika karatasi mlangoni: WENYEWE WAMEHAMA. Akamwomba kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyepanga pale majuzi tu, amthibitishie kila atakayeuliza. Kisha akamgeukia mama.

"Mtu akigonga, usifungue. Mimi nina ufunguo wangu."

"Na mdogo wako akija?"

"Akija ataulizia kwa majirani, mama. Hawezi kupotea."

Kweli, mambo yakatulia. Mama akaanza kulala mchana na hata kumaliza chakula chake. Fundi akajiona mjanja kwelikweli.

Jioni moja, akiwa anarudi kutoka kazini, kinyozi alimwita dukani.

"Dada, leo nimekutana na king'ang'anizi," alisema, akikung'uta nywele kwenye shuka. "Amegonga, akasoma karatasi, akagonga tena. Nikamwita huku nikamwambia wamehama. Ananiambia eti pale ni kwao. Nikamwambia, kaka, wote mnasema hivyo hivyo."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Na begi."

"Alipiga picha?"

Kinyozi aliacha kukung'uta. "Hapana. Aliuliza tu kama yule mama alihama akiwa mzima."

"Ukamjibu nini?"

"Nilitia chumvi kidogo, ili aondoke. Nilimwambia nilisikia kulikuwa na msiba."

Fundi alitaka kumtukana, lakini angemtukana kwa lipi, wakati uongo wenyewe ni yeye aliyemfundisha? Alitimua mbio mpaka kituo cha mabasi. Akachungulia dirisha baada ya dirisha, akawauliza wakata tiketi, akaliita jina la mdogo wake mbele za watu bila haya. Aliyegeuka ni mzee mmoja tu, naye alikuwa na jina hilo hilo.

Alirudi amechoka, akaibandua karatasi. Gundi ilikuwa imeshika, ikatoka vipande vipande, na akajikuta anaukwangua mlango kwa kucha huku analia. Alikuwa na hasira na wageni, na filamu, na kinyozi, lakini zaidi ya yote na nafsi yake. Alijifuta uso kabla ya kuingia.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Mlango uligongwa leo," alisema, kama mtoto anayesubiri kusifiwa. "Mara mbili. Sikufungua, kama ulivyoniambia."

"Sawa, mama."

"Lakini sikusikia wakicheka."